Kinara Akisukuma Zote, Ukubali au Utupe? Hesabu ya Kizingiti kwa Wacheza Poka wa Dodoma

Mmebaki wanne, zawadi ni za watu watatu. Wewe ndiye uliyeweka dau kubwa la lazima, kati ya yale mawili yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa. Unainua ncha za karata zako mbili na kukuta esi na kingi (A na K). Wawili wameshatupa. Jirani yako wa kulia, kinara wa meza kwa wingi wa chipu (vipande vya kuchezea badala ya fedha), anasukuma zote katikati.

Wengi ninaocheza nao hapa Dodoma, watumishi wa Area D na Kisasa kwa vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hapo hawajiulizi mara mbili: "Nakubali." Wanakubali kwa sababu esi na kingi ni karata kubwa, na kwa sababu kutupa karata kubwa mbele ya watu kunauma. Mimi nasema, kwa zawadi zilivyozoeleka kugawanywa, itupe. Na baadaye kidogo, yule wa mkiani, mwenye chipu chache kuliko wote, akisukuma zake wakati wewe umeshika saba na mbili, nasema kubali. Majibu yote mawili yanatoka kwenye hesabu moja, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kugawanya na kuzidisha.

Mwongozo huu ni wa poka ya Texas Hold'em (kila mmoja ana karata mbili zake, na tano za wote hufunuliwa katikati) isiyo na kikomo cha dau, kwenye shindano, pale kwenye kizingiti: akitoka mtu mmoja tu, wote waliobaki wanaondoka na kitu.

Hatua ya 1: Jua zawadi zinavyogawanywa kabla hujakaa

Uliza mapema, tena waziwazi: nafasi ngapi zinalipwa, na kila moja shilingi ngapi. Kuna mashindano ambayo mshindi anabeba zote. Kuna yanayolipa watatu kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20. Na kuna yale ambayo zawadi ni tiketi za kuingia shindano kubwa zaidi, zote za thamani sawa. Karata zilezile, dhidi ya mtu yuleyule, zina jibu tofauti katika kila aina, na mbele nitaonyesha tofauti hiyo kwa tarakimu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Watu kumi, kila mmoja ametoa shilingi 10,000 na kupewa chipu 2,000. Mfuko una shilingi 100,000: wa kwanza 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Wa nne hapati kitu. Chipu zote mezani ni 20,000.

(Anayetaka kuendesha mashindano ya namna hii kama biashara ajue kuwa leseni inatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.)

Hatua ya 2: Tazama chipu za wenzako kabla ya karata zako

Swali la kwanza liwe hili: anayesukuma ana chipu nyingi kuliko mimi, au chache? Akiwa nazo nyingi, ukipoteza unakwenda nyumbani. Akiwa nazo chache, ukipoteza unajeruhiwa tu. Swali la pili: nani yuko mkiani, na zimebaki mizunguko mingapi kabla madau ya lazima hayajammaliza?

Meza yetu iko hivi. Kinara ana 8,000. Wa pili kwa wingi ana 6,000. Wewe una 5,000. Wa mkiani ana 1,000. Madau ya lazima ni 200 na 400. Kinara ameweka lile dogo, wewe umeweka kubwa.

Fanya hesabu hii kila karata zinapogawiwa, usingoje mtu asukume. Mtu akishasukuma, moyo unakwenda mbio na macho yote yako kwako; huo si wakati wa kuanza kuhesabu vimnara vya chipu vya watu. Na kama mwenzako amezirundika ovyo, una haki ya kumwomba: "Kaka, naomba uzipange tuzione." Hakuna ubaya.

Hatua ya 3: Geuza chipu kuwa shilingi

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa hiyo tusiharakishe.

Chipu 5,000 si nusu ya thamani ya chipu 10,000. Ukizikusanya chipu zote za meza, hubebi shilingi 100,000. Unabeba 50,000 ya mshindi, na zilizobaki wanapewa wengine. Ndiyo maana kila chipu unayoiongeza ina thamani ndogo kidogo kuliko ile uliyokuwa nayo tayari. Chipu za mwisho mfukoni mwako ndizo ghali kuliko zote, kwa kuwa ndizo zinazokushikilia mezani.

Njia ya kugeuza inaitwa ICM (kifupi cha Independent Chip Model). Msingi wake ni fomula ya David Harville ya mwaka 1973, iliyohusu mashindano yenye washiriki wengi kama mbio za farasi. Mason Malmuth akaiingiza kwenye poka mwaka 1987. Inakwenda hivi: nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni fungu lako la chipu zote. Ukiwa na 5,000 kati ya 20,000, ni asilimia 25. Kwa nafasi ya pili, mchukulie mwenzako mmoja kuwa ameshashinda, mtoe pamoja na chipu zake, kisha uangalie fungu lako kwenye zilizobaki. Fanya hivyo kwa kila mwenzako, zidisha kila jibu kwa uwezekano wa huyo mwenzako kushinda, halafu jumlisha. Nafasi ya tatu ni vilevile, ila unawatoa wawili.

Anza na meza rahisi upate mkono. Wanne, kila mmoja ana 5,000. Kila mmoja anastahili robo ya mfuko, yaani shilingi 25,000. Mwenzako anasukuma zote, unakubali, unashinda. Sasa una 10,000 na wawili waliobaki wana 5,000 kila mmoja. Nafasi ya kuwa wa kwanza ni nusu. Ya pili: kila mwenzako ana robo ya kushinda, na akitoka yeye wewe una 10,000 kati ya 15,000, yaani theluthi mbili. Robo mara theluthi mbili, mara wawili, ni theluthi moja. Ya tatu ni sehemu moja ya sita iliyobaki. Zidisha kwa zawadi: 25,000 na 10,000 na 3,333. Jumla ni 38,333.

Tazama kilichotokea. Chipu zimekuwa maradufu, lakini shilingi zimepanda kutoka 25,000 hadi 38,333 tu. Umeweka rehani 25,000 ili uongeze 13,333. Ili biashara hiyo isikutie hasara, unatakiwa ushinde asilimia 65. Wanaosema "hamsini kwa hamsini, twende tu" wanatoa zawadi yao wenyewe kwa hiari.

Sasa meza yetu halisi. Ukitupa, dau lako la 400 linakwenda kwa kinara, unabaki na 4,600 na yeye ana 8,400. Nafasi yako ya kwanza ni asilimia 23, ya pili karibu 27.7, ya tatu karibu 36.5. Kwa shilingi ni kama 27,100. Ukikubali na kushinda, una 10,000 na kinara ameshuka hadi 3,000. Nafasi zako ni asilimia 50, 32.9 na 14.6, na thamani yako ni kama 37,800. Ukikubali na kupoteza, umetoka wa nne. Sifuri.

Hatua ya 4: Pata asilimia unayohitaji

Kanuni ni hii: toa thamani ya kupoteza kwenye thamani ya kutupa, toa thamani ya kupoteza kwenye thamani ya kushinda, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kwa kuwa kupoteza hapa ni sifuri, ni 27,100 kugawanya kwa 37,800. Jibu ni asilimia 72.

Kwa chipu peke yake jibu lingekuwa lingine kabisa. Unatoa 4,600 zaidi ili upate jumla ya 10,000, kwa hiyo asilimia 46 zingetosha. Kati ya 46 na 72 pana shimo, na humo ndimo wanamozama wachezaji wazuri wa karata wasiopenda hesabu.

Badilisha zawadi uone. Kama mshindi anabeba zote, chipu na shilingi zinakwenda sambamba, na unarudi kwenye 46. Kama zawadi ni tiketi tatu zilizo sawa, unachohitaji ni kutokuwa wa nne tu: ukitupa, uwezekano huo ni asilimia 87.2, ukikubali na kushinda ni 97.4. Gawanya, unapata asilimia 89 na ushee. Esi mbili, karata bora kuliko zote, dhidi ya karata zozote zile hushinda takriban asilimia 85. Kwa hiyo kwenye tiketi, kinara akisukuma katika meza hii, unatupa hata esi mbili, na unafanya sawasawa. Najua mtu akiliona hilo kwa mara ya kwanza anakataa. Rudia hesabu mwenyewe, jibu litakuwa hilohilo. Tena tiketi si kitu cha kudharau: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliingia shindano kuu la World Series of Poker la mwaka 2003 kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni, akatoka na dola milioni 2.5.

Hatua ya 5: Kisia anasukuma na nini, ndipo utazame karata zako

Sasa una lengo: asilimia 72. Bado unatakiwa ujue karata zako zinashinda mara ngapi dhidi ya zile anazoweza kuwa nazo.

Anza na makisio mazuri kuliko yote kwako, kwamba kinara anasukuma chochote bila hata kutazama. Dhidi ya karata zozote mbili, esi mbili hushinda karibu asilimia 85, kingi mbili 82, kwini mbili 80, jeki mbili 77, pea ya kumi (yaani kumi mbili) 75, pea ya tisa 72. Pea ya nane ni 69. Esi na kingi ni 65, au 67 zikiwa za kopa zote mbili au za shupaza zote mbili.

Linganisha na lengo. Esi na kingi hazifiki, hata kwa mtu anayesukuma akiwa amefumba macho. Pea ya tisa inagusa mstari. Pea ya kumi kwenda juu zinavuka.

Na huyo si kinara mnayekutana naye kila wiki. Kama unamjua kwamba hasukumi bila esi au pea mkononi, asilimia zako zote zinashuka, na pea ya kumi nayo inaanguka chini ya mstari. Dhidi ya mtu wa namna hiyo bakiza zile pea kubwa kabisa. Esi na kingi dhidi ya pea yoyote ndogo huwa chini kidogo ya nusu. Mbali mno na 72.

Kinara anayejua kazi yake anasukuma karata nyingi sana katika hali hii, kwa sababu anajua wewe huwezi kukubali. Inaudhi, lakini usilipize kwa kukubali. Mwache achukue hizo 400, na siku ukiwa wewe ndiye kinara, fanya kama yeye.

Unapokisia, tazama alivyocheza usiku kucha, si uso wake wa dakika hii. Nimekaa meza za Ipagala ambapo mtu alisukuma rundo lake kwa mkono wa kushoto huku kulia akimenya karanga, wote tukaamini ana utani, kumbe ana kwini mbili. Mazoea yake ya saa tatu za mchezo yalikuwa yameshasema: hajawahi kusukuma bila pea.

Hatua ya 6: Mtazame wa mkiani kwa mara ya mwisho

Kabla hujasema neno, jiulize ukitoka nani ananufaika. Katika mfano wetu, wa mkiani mwenye chipu 1,000 ana thamani ya shilingi 7,300 hivi ukitupa. Ukikubali ukapoteza, thamani yake inaruka hadi 22,600, na hajagusa karata. Ameongeza zaidi ya shilingi 15,000 kwa kukaa kimya na soda yake. Kila mara unapokubali kamari kubwa na kinara wakati mtu yuko mahututi mezani, sehemu ya pesa yako inahamia kwake.

Hapo kuna kitu ambacho ICM haikioni: viti. Kama wa mkiani amekaa kushoto kwako, mzunguko unaofuata yeye ndiye anaweka dau kubwa, 400 kati ya 1,000 zake. Thamani yako ya kutupa inapanda juu ya ile 27,100, na lengo linasogea zaidi ya 72. Lakini kama wewe mwenyewe ndiye unayekaribia kumezwa na madau ya lazima, mambo ni kinyume: kusubiri kunakugharimu, na lengo linashuka. Sina fomula ya kukupa hapo. Ongeza au punguza asilimia chache kwa busara.

Wa mkiani akisukuma

Twende upande wa pili. Meza ileile, wewe bado uko kwenye dau kubwa, ila safari hii aliye kwenye dau dogo ni wa mkiani, naye anasukuma 1,000 zake zote. Wengine wametupa. Unatakiwa kuongeza 600 tu.

Ukitupa, una 4,600 na yeye ana 1,400: thamani yako ni kama shilingi 26,300. Ukikubali na kushinda, ametoka, mmeingia kwenye zawadi, na una 6,000: kama 32,300. Ukikubali na kupoteza, bado upo na 4,000: kama 23,600. Tumia kanuni ya hatua ya 4: 26,300 kutoa 23,600 ni 2,700, 32,300 kutoa 23,600 ni 8,700. Asilimia 31.

Saba na mbili, karata ambazo kila mtu anazidharau, hushinda karibu asilimia 35 dhidi ya karata zozote. Mtu aliyebakiwa na 1,000, ambaye madau ya lazima yanamla, anasukuma karibu chochote. Kubali. Anayetupa hapo kwa kusema "nangoja karata nzuri" anampa wa mkiani pumzi ya bure, na pumzi hiyo inatoka mfukoni mwake.

Lakini kama kinara alishakubali kabla yako, usiingie na karata dhaifu. Waachie wamalizane. Na mkijikuta wawili mmekubali dhidi ya wa mkiani, mara nyingi ni busara kwa kila mmoja kutoongeza dau hadi karata zote tano zimefunuliwa, ili wawili mpambane na mmoja. Hilo kila mtu alijue kichwani mwake. Kuambiana kwa mdomo, au hata kukonyezana, ni udanganyifu, na msimamizi mzuri atawaadhibu.

Namna ya kuzoea

Mezani hutapata muda wa kutoa watu wawili wawili na kuzidisha, na mashindano mengi yanakataza simu ukiwa na karata mkononi. Kazi inafanyika nyumbani. Chukua daftari, andika chipu za meza mliyokaa Jumamosi pale mlipobaki wanne, andika zawadi, kisha tafuta asilimia uliyohitaji kwa kila uamuzi unaoukumbuka. Anza na meza za watu watatu mkibaki na zawadi mbili. Hizo unazimaliza kwa kikokotoo cha kawaida. Programu za ICM zipo mtandaoni, lakini zitumie kusahihisha daftari lako, zisikufikirie.

Baada ya meza kadhaa utaona tarakimu zinajirudia. Chipu zikiwa sawa kwa wote wanne, ni 65. Kinara dhidi yako huku mkiani kuna mtu taabani, ni 70 na kitu. Wa mkiani dhidi yako, ni 30 na kitu. Andika hizo tatu kwenye kikaratasi, chini yake weka pea na asilimia zake, ukisome kabla hujatoka nyumbani.

Na mkiwa meza mbili, mwombeni msimamizi achezeshe mgao mmoja mmoja, pande zote kwa wakati mmoja, kuanzia anapobaki mtu mmoja kabla ya zawadi. Bila hivyo, wenye chipu chache watavuta muda kwa makusudi wakisubiri meza ya pili imtoe mtu, na hesabu zote hapo juu zitaamuliwa na anayechelewa kutupa.